Rivolva ya urithi: nifungue mwenyewe au nipeleke kwa fundi?

Swali lenyewe kwa kifupi. Ndugu mmoja karithi rivolva ya baba yake mdogo, Smith & Wesson Model 10, matundu sita, risasi .38 Special, kibali anacho. Anasema triga ni nzito na inakwaruza, silinda ikishapigwa risasi ishirini hivi inaanza kugoma kuzunguka, na akiishika kwa vidole anaisikia inacheza kidogo mbele na nyuma. Kaangalia video, kanunua tupa ndogo, springi laini na seti ya bisibisi. Anauliza: "Fundi, nifanye mwenyewe au nipeleke? Jamaa yangu ananiambia ni kazi ya nusu saa tu."

Kwanza pole kwa kuondokewa na mzee. Pili nashukuru umeuliza kabla hujafungua, maana wengi wananifuata baada ya kufungua, silaha iko kwenye mfuko vipande vipande afu mtu ananiambia fundi kuna springi iliruka sijui imeangukia wapi. Hiyo tupa iweke mbali kabisa, ikiwezekana mpe mtu mwenye kazi nayo. Springi zitie kwenye droo kwanza. Bisibisi tutaziongelea.

Watu wengi wanagawa kazi za rivolva kwa urahisi na ugumu, hii nyepesi nafanya mwenyewe, hii ngumu napeleka. Mi sigawi hivo, kwasababu kuna kazi nyepesi sana ambayo ukiikosea silaha imekwisha, na kuna kazi inaonekana ya kutisha kumbe hata ukikosea unarudia tu. Mi naangalia kitu kimoja: hiki ninachotaka kufanya kinarudishika? Ukisafisha vibaya unasafisha tena. Ukiweka springi mbaya unarudisha ya zamani. Ila chuma ukishakisugua hakirudi, hata ukisugua kidogo kama unywele, hapo maji yakimwagika hayazoleki. Kwahiyo mstari wangu uko hapo, kazi ya brashi, kitambaa, mafuta na kupima ni ya mwenye silaha, kazi yoyote inayopunguza chuma, kupinda chuma au kugonga chuma ni ya fundi mwenye vipimo vyake. Na kwa matatizo matatu uliyoyataja, mawili nina hisia kali kwamba utayamaliza mwenyewe mezani bila kufungua hata skrubu ya mfuniko.

Lakini kabla hatujagusa chochote. Toa risasi, zote, zipeleke chumba kingine kabisa, afu rudi ufungue silinda upitishe kidole kwenye matundu sita moja moja, uhesabu kwa sauti. Najua unajua. Hesabu tu. Kila kipimo ninachokuambia hapa chini ni silaha tupu, na ukiinuka ukaenda kunywa maji ukirudi hesabu upya.

Tuanze na silinda kugoma, maana hapa ndo watu wanapoteza hela na muda bure. Ukifungua silinda ukaangalia nyuma yake utaona kile kipande chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje. Baruti haiungui yote, kuna chembe zinabaki, na ukitoa maganda huku mtutu umeelekea chini zile chembe zinaanguka chini ya nyota zinakaa pale kwenye kishimo chake. Nyota ikirudi hailali vizuri, inabaki imenyanyuka kidogo sana, jicho huwezi kuona, lakini nafasi iliyopo kati ya nyota na fremu nayo ni ndogo sana kwahiyo silinda inaanza kusugua na kukaza. Mtu anasema silaha imeharibika, imepinda, kumbe ni punje tatu za baruti. Nimeshapokea rivolva mwenyewe kasafiri nayo siku nzima kuniletea, nikachukua mswaki mkavu nikaisukuma nyota nikapiga chini yake mara nne, nikaifunga, ikazunguka kama mpya, mtu haamini.

Kwahiyo fanya hivo. Sukuma kile kijiti kilicho mbele ya silinda nyota itoke, mswaki mkavu chini ya nyota na kwenye kishimo, pande zote, afu futa. Usipake mafuta pale chini ya nyota, mafuta yanashika chembe kama gundi, pale panatakiwa pawe pakavu. Na kuanzia leo ukiwa unatoa maganda elekeza mtutu juu, piga kijiti mara moja kwa nguvu ya kutosha, uchafu unaanguka nje wenyewe. Baada ya hapo angalia uso wa mbele wa silinda na nyuma ya mtutu, pale panapoelekeana, kama kuna masizi na madini ya risasi yaliyoganda pafute kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, silinda ikikwama baada ya risasi kadhaa mara nyingi ni moja kati ya hizi mbili. Yale madoa meusi ya duara kwenye uso wa silinda hata yakibaki hayana shida, usiyafuate na msasa, nimeona watu wamesugua mpaka pengo kati ya silinda na mtutu limeongezeka ili tu silinda ing'ae.

Kitu cha tatu kinachokwamisha silinda ni hicho kijiti chenyewe cha kusukumia maganda. Kimefungwa kwa uzi kama wa skrubu, na kikilegea kinarefuka, ncha yake inasukuma kule mbele chini ya mtutu, silinda inakaza na saa ingine haifunguki kabisa. Dawa yake ni kukikaza, lakini hapa kuna mtego. Zile za zamani uzi wake ni wa kawaida, unakaza kulia, na shida yake ilikuwa mzunguko wa silinda unaulegeza wenyewe, ndo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ikageuza ukawa uzi wa kushoto. Model 10 imetengenezwa miaka mingi sana, jina hilo la namba lilianza 1957 lakini silaha yenyewe ni ile Military & Police ya tangu 1899, kwahiyo ya mzee inaweza kuwa ya upande wowote. Jaribu kwa vidole kwanza, ujue inaelekea wapi, usije ukakaza kwa koleo huku unalegeza. Na weka maganda matupu ndani ya matundu kabla hujakaza ili yaishike nyota isijipinde, vile vipini vyake vidogo vinakatika ukizungusha bila kitu ndani. Koleo la meno usilisogeze pale hata kidogo, lina alama ambazo hazifutiki, na kijiti kikipinda kidogo tu unapata ugonjwa mwingine kabisa.

Haya, triga.

Elewa kwanza kwamba triga ya rivolva kuwa nzito ukiivuta bila kukoki nyundo (yaani kuivuta nyuma kwa gumba kwanza) sio ugonjwa. Ule mvuto mmoja unafanya kazi mbili, unazungusha silinda na unarudisha nyundo nyuma mpaka iachie, na kutoka kiwandani inakuwa kama kilo 4.5 mpaka 5.5 hivi. Ukiwa umezoea bastola ya magazini utaona kama unavuta jembe. Kwahiyo uzito peke yake sijali sana, mi nilichokisikia kwenye maneno yako ni "inakwaruza", hiyo ndo ina maana.

Silaha ya mzee imekaa muda gani kwenye kabati? Nauliza kwasababu mafuta yakikaa miaka yanageuka kama gundi ya kahawia, na watu wa zamani walikuwa wanamimina mafuta ya cherehani humo ndani kwa nia njema kabisa. Toa vibao vya mpini (skrubu moja tu, hiyo ruksa), ishike silaha juu ya beseni, pulizia dawa ya kusafishia kutokea pale mpini ulipokuwa na kwenye mpenyo wa nyundo, huku unakoki na kushusha nyundo polepole kwa kidole gumba. Mara ya kwanza maji yatatoka ya kahawia nzito. Rudia. Mara ya tatu ya nne yanatoka meupe. Acha ikauke vizuri, afu tone moja la mafuta mepesi kwenye mpenyo wa nyundo, tone moja kwenye triga, basi. Vaa miwani, fungua dirisha, na dawa isiguse vibao kama ni vya mbao. Nimeona triga ambayo mtu alitaka kuitupa ikawa laini kwa kazi hiyo tu, hakuna tupa hakuna springi.

Sasa hiyo tupa. Nitakueleza nilichofanya mwenyewe nikiwa kijana, kabla sijaingia kwenye karakana ya mtu. Nilikuwa na rivolva, mtu mzima mmoja niliyekuwa namuamini akaniambia sugua lile jino la nyundo kidogo tu triga itakuwa tamu. Nikasugua. Ikawa tamu kweli, wiki kama tatu nilikuwa nampa kila mtu aijaribu. Siku moja niko kiwanjani cha shabaha, nimekoki nyundo, sijagusa triga, nyundo ikashuka yenyewe. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye kichuguu cha mchanga kama inavyotakiwa, risasi ikaishia humo. Lakini kushoto kwangu alikuwepo mtu anapanga karatasi zake mezani, na mkono wangu ungekuwa umezunguka kidogo tu upande ule nisingekuwa naandika haya. Sikupiga tena siku ile. Mpaka leo nikiona tupa karibu na nyundo ya rivolva mwili unanisisimka.

Kilichotokea ni hiki. Sehemu zile zinazoshikana, jino la nyundo na ncha ya triga, ni ndogo mno, na kwenye nyingi ugumu wa chuma uko juujuu tu, ngozi nyembamba, ndani ni chuma laini. Ukisugua unafanya makosa mawili kwa mpigo, unabadilisha pembe ambayo inafanya zivutane badala ya kuteleza, na unatoboa ile ngozi ngumu. Siku ya kwanza inafanya kazi. Ila kile chuma laini kinalika kila unapokoki, mpaka siku kinakosa cha kushika. Fundi anayejua kazi hii anatumia jiwe laini, kishikizo maalum kinacholinda pembe, anang'arisha tu bila kubadilisha umbo, na sehemu kubwa ya ulaini anaitafuta kwenye sehemu zingine zinazosuguana kabisa, hata hagusi lile jino. Ukitaka triga ya namna hiyo lipia. Hakuna video itakayokupa mkono huo.

Na nina sababu ya kukuambia upime hata kama wewe hujasugua, kwasababu hujui nani alisugua kabla yako. Silaha tupu, umehesabu, koki nyundo, toa kidole kwenye triga kabisa, afu sukuma nyundo kwa gumba kutokea nyuma, nguvu ya wastani. Isishuke. Ikishuka usiipige tena hata risasi moja, hiyo safari yake ni kwa fundi moja kwa moja.

Springi ulizonunua ziko katikati ya mstari wangu, zinarudishika lakini zina masharti. Springi kubwa ndo inaipa nyundo nguvu ya kupasua praima, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Ukiweka laini, triga inapungua uzito na nyundo nayo inapungua nguvu, unaanza kupata risasi zenye alama ya kugongwa ambazo hazijawaka, na praima zinatofautiana ugumu, inaweza kupita risasi za boksi hili na kugoma za boksi lile. Ile ndogo inayorudisha triga mbele nayo ukiilegeza sana triga inarudi kivivu, ukipiga haraka unaivuta kabla haijafika mwisho. Kama silaha ni ya kupigia shabaha tu, weka, zile za kiwandani zihifadhi kwenye kibahasha na uandike juu, afu jaribu risasi mia moja za aina unayotumia kweli kabla hujaiamini. Kama ni ya kujilindia, mi ningeacha za kiwandani, sina maelezo marefu zaidi ya hapo.

Jamaa yako lazima atakuambia pia ulegeze ile skrubu iliyo mbele ya mpini ukitoa vibao. Usilegeze. Hiyo inaibana springi kubwa na inatakiwa ikazwe mpaka mwisho. Na angalia sasa hivi kama iko hivo, inawezekana mtu alishailegeza zamani.

Kuhusu mfuniko wa pembeni, ule wa kulia unaofunika mitambo. Sikukatazi maisha yako yote lakini kwa sasa huna sababu ya kuufungua. Siku ukija kuufungua, kwanza bisibisi iwe ya ncha iliyonyooka inayojaza mpenyo wa skrubu kwa upana na unene, zile za kawaida zenye ncha ya kabari zinachana kichwa cha skrubu na hapo silaha inaanza kuonekana imepitiwa na mtu. Skrubu kila moja irudi tundu lake, ile ya mbele inashika kimkono kinachobeba silinda na ncha yake imesawazishwa kwa hiyo silaha, ukiichanganya na wenzake silinda itakaza au itacheza. Mfuniko wenyewe haubanduliwi kwa bisibisi, kamwe, unashika mtutu unagonga mpini kwa mti au kishikio cha plastiki mpaka mtetemo unaunyanyua wenyewe. Ukiubandua kwa ncha, ukingo unapinda na ule mstari mwembamba wa pale unapokutania na fremu hautafungana tena milele.

Afu kuna kile kibapa kirefu chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya mfuniko, kizuizi cha nyundo. Mwaka 1944 baharia wa Marekani alikufa baada ya rivolva ya aina hii kuanguka kwenye deki ya chuma ikafyatuka, ndo kampuni ikatengeneza kizuizi kipya ambacho kinakaa kati ya nyundo na fremu mpaka triga ivutwe kabisa. Shida ni kwamba ukikisahau mezani wakati wa kufunga, silaha itafanya kazi kama kawaida. Itakoki, itapiga, hutagundua kitu. Nimefungua rivolva zaidi ya moja nikakuta hakimo, na mwenyewe anaibeba mwaka wa tano. Ndomana nasema "kazi ya nusu saa" ya jamaa yako inanitia wasiwasi, sio kwamba ni ngumu, ni kwamba inakuruhusu kukosea na kunyamaza.

Tatizo lako la tatu, silinda kucheza. Tofautisha kucheza kwa kuzunguka kushoto kulia na kucheza mbele nyuma. Kushoto kulia kidogo, kwenye Smith & Wesson ni kawaida, imetengenezwa hivo, watu waliozoea Colt za zamani ambazo silinda inakaza kabisa ukivuta triga ndo wanashtuka. Mbele nyuma ndo tunapima. Tafuta fila geji, ile ya mafundi magari ya kupimia valvu. Silinda imefungwa, isukume nyuma, pima pengo kati ya silinda na mtutu. Afu isukume mbele, pima tena. Silaha iliyo sawa pengo linakuwa milimita 0.10 mpaka 0.20 hivi, na tofauti ya vipimo viwili ndo mchezo wenyewe, ukizidi 0.05 mafundi wengi wanaanza kuufanyia kazi. Mchezo ukiwa mkubwa silinda inajipigapiga kwenye fremu kila risasi, na kila ikijipiga unaongezeka. Unatibiwa kwa pete nyembamba sana za chuma zinazowekwa ndani ya silinda kwenye ncha ya ule mkono unaoibeba, au fundi anaurefusha mkono kidogo kwa kifaa chake. Pete zinarudishika, kwahiyo mtu makini mwenye vipimo anaweza, lakini kwa mara ya kwanza fanya ukiwa na fundi pembeni, kwasababu ukizidisha pete silinda inasukumwa nyuma, inabana kwenye fremu na kukaza.

Na tafadhali sana, ile ya kwenye sinema ya kufunga silinda kwa kuirusha na kifundo cha mkono, usiifanye na usimruhusu mtu aifanye na silaha yako. Inapinda mkono wa silinda. Funga kwa kiganja, polepole.

Kipimo kingine ambacho nataka ukifanye maana ndo kinaamua kama unaenda kwa fundi au huendi ni majira ya silinda, yaani inafika mahali pake na kufunga kabla nyundo haijamaliza safari? Weka kidole kwenye silinda kiikwamishe kidogo tu, afu koki nyundo kwa gumba polepole mno. Utasikia kitasa, kile kinachoizuia silinda isizunguke, kinaingia kwenye kishimo chake, tak, na hiyo tak inatakiwa ije kabla nyundo haijashika. Fanya kwa matundu yote sita, uweke alama ya chaki ujue lipi ni lipi. Tundu moja likichelewa, ni jino la hilo tundu kule kwenye nyota limelika. Yote yakichelewa, ni kile kidole cha ndani kinachosukuma silinda. Kwa vyovyote hiyo ni ya fundi, kinawekwa kidole kipana zaidi na kusawazishwa kwa mkono, ni kazi ya kupunguza chuma kidogokidogo na kujaribu na kupunguza tena.

Kwanini naikazania? Kwasababu tundu lisipokaa sawasawa na mtutu, risasi inaingia upande, inachunwa kwenye ukingo, na vipande vya risasi na moto vinatoka ubavuni kwa lile pengo kumfuata aliyesimama pembeni yako. Presha ya .38 Special ya kawaida inaruhusiwa kufika psi 17,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), tairi la gari dogo ni kama 32. Ni zaidi ya mara 500. Kitu chenye presha hiyo hakipimwi kwa kusema "inaonekana iko sawa".

Kwa silaha ya urithi angalia na maandishi kwenye mtutu. Wakati wa vita kuu ya pili zilitengenezwa nyingi za ukoo huuhuu kwa risasi fupi nene, .38 S&W, ambayo sio .38 Special, na baada ya vita watu wakazichimba matundu ziingize Special. Ganda la Special ni jembamba kidogo kwa ile nafasi, linavimba na saa ingine linapasuka karibu na kitako. Ukiona maganda yako yametoka yamevimba tumbo, au maandishi ya mtutu hayaeleweki, simama hapo mpaka fundi apime matundu. Na mtu akikuambia anaweza kukuchimbia matundu hayohayo uingize .357 Magnum, ambayo presha yake ni karibu mara mbili, ondoka.

Kutoa mtutu, kunyoosha fremu, kubana silaha kwenye jiliwa: hapana, hapana, hapana. Fremu ikijipinda hakuna cha kurudisha.

Ukifika kwa fundi, nenda na vibali vyako, na hakikisha naye ana ruhusa ya kazi hiyo kisheria, nchi nyingi hata kubadilisha silinda au mtutu ni jambo linalohitaji aliyesajiliwa. Risiti iwe na namba ya silaha. Msikilize anaanzaje. Fundi mzuri anapima kabla hajaongea, anachukua fila geji, anakoki taratibu anasikiliza, anaangalia mdomo wa nyuma wa mtutu na tochi kama kuna ufa. Anayesema "niachie tu nitaifanya iwe laini" bila kuipima, mshukuru uondoke nayo. Kipande chochote akibadilisha akurudishie cha zamani. Na mwambie ukweli wote uliofanya, kama umesugua sema umesugua, hakuna fundi atakayekucheka kwa hilo na kama akicheka bora akucheke kuliko afanye kazi kwa kubahatisha.

Kwahiyo jumamosi hii chukua mswaki na beseni, safisha chini ya nyota, mwage yale mafuta ya zamani, angalia kijiti na skrubu ya mpini, afu fanya vipimo vitatu: kusukuma nyundo, majira ya matundu sita, na pengo la silinda ikiwa nyuma na ikiwa mbele. Ukifeli kimoja kati ya viwili vya kwanza, usipige, peleka. Ukifaulu, kapige risasi ishirini hizohizo uone kama silinda inagoma tena, afu uniandikie vile vipimo viwili vya pengo jinsi vilivyo, nitakuambia kama kuna haja ya pete au tuiache silaha ya mzee kama ilivyo.